Nani Anaimba Tarehe Tisa Machi

Bay Ditch, Arkansas
Jumapili, 6 Februari 1983

Kaka Hoyt,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba theluji ya Michigan imekuachia walau mlango wa kutokea. Sisi huku tuna matope tu. Mfereji wa nyuma umejaa hadi nguzo ya pili ya uzio, na mume wangu Garvin ameshawahamishia kuku juu ya trela mara mbili. Nyonga ya Mama inamsumbua asubuhi, lakini hajakosa ibada hata moja. Wakati wa maombi husimama akakutaja wewe na mkeo Nadine kwa majina, kisha huongeza, "Wako mbali na kanisa," ili kila mtu ajue.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne alikuja Mholanzi aitwaye Joost Hakvoort, mrefu na mwembamba. Alikula sahani tatu za maharage na mkate wa mahindi. Mama alimwuliza kama ameokoka. Akajibu kwamba watu wa kwao ni wa dhehebu la Kikalvini. Mama akasema hilo silo aliloulizwa.

Anakutafuta wewe. Anasema huko Ulaya kuna vijana wanaopenda rokenroli ya zamani ya mashambani kwetu, ile uliyoimba wewe kabla hujaokoka. Purvis Cullum, yule mwenye studio ya Memphis, amefariki, na kwenye gereji yake yamekutwa maboksi ya kanda. Kumi kati ya nyimbo hizo zina jina lako. Mholanzi anataka kuzitoa zote katika santuri moja kubwa. Nimempa anwani yako, na yeye akaniachia kaseti.

Nimeisikiliza jikoni Mama akiwa kanisani. Nyimbo sita nazifahamu, ni za 1956. Hizi nne nyingine sijawahi kuzisikia, na boksi lake limeandikwa 9 Machi 1957. Hapo ndipo nilipokwama. Unajua naandika shajara tangu nilipoingia sekondari, kwa hiyo nilikwenda kuangalia. Uliokoka Jumapili, 27 Januari 1957, na mbele ya kanisa zima uliapa kwamba hutaimba tena wimbo wa dunia. Hiyo ni wiki sita kabla ya kanda.

Kwenye 9 Machi nimeandika hivi, juu yako na mdogo wetu Lendon: "H. na L. wameondoka saa tano asubuhi kwenda Memphis kununua tairi. Wamerudi saa mbili usiku. Hawana tairi."

Cullum alikosea tarehe, au nimekosea mimi? Nieleze, maana sielewi.

Dada yako,
Delphia


Flint, Michigan
20 Machi 1983

Delphia mdogo wangu,

Usinune kwa kuchelewa kwangu. Kiwandani wametusimamisha tena, safari hii zamu nzima, na mtu asiye na kazi hukosa muda kuliko mwenye kazi. Nadine hajambo. Amenipangia rafu zote za chumba cha chini ya nyumba nizipake rangi, na nikimaliza anabadili rangi. Mwambie Mama namsalimu, na kwamba huku pia kuna kanisa, hata kama mimi sifiki.

Mholanzi wako ameandika, na amenitumia kaseti kama yako. Mwandiko wake mzuri kuliko wa mchungaji. Kuhusu tarehe usijichoshe. Cullum alikuwa mlevi, aliandika kwenye boksi chochote kilichomjia kichwani. Huenda ilikuwa Machi ya 1956. Huenda hata haikuwa Machi.

Sasa nikwambie kitu, lakini Mama asijue kwanza. Wamenialika Uholanzi mwezi wa tisa, kwenye tamasha. Tiketi ya ndege wanatoa wao. Nina miaka arobaini na saba, Dell, na kwa mara ya kwanza kuna watu wanaotaka kuniona nimesimama mahali pengine, si kwenye mstari wa kuunda magari kiwandani. Wanataka hasa hizo nyimbo nne. Mholanzi anasema sauti yangu humo ni ya mtu anayekimbia huku akicheka. Ndivyo alivyoandika.

Kwa hiyo tairi ni tairi tu. Wewe tangu utotoni unaandika hata kuku aliyetaga.

Kaka yako,
Hoyt


Bay Ditch
Jumamosi, 2 Aprili 1983

Kaka Hoyt,

Tumefurahi kupata barua yako. Garvin anakupa pole kwa kazi, anasema samaki wa mferejini ni wako ukirudi. Mama amepanda viazi siku ya Ijumaa Kuu kama kawaida, amepiga magoti kwenye matope na hakutaka kuinuliwa. Kuhusu safari yako nimenyamaza kama ulivyotaka.

Lakini haikuwa 1956. Katika mojawapo ya nyimbo zile mwimbaji analitaja daraja jipya la Bay Ditch, na daraja hilo lilifunguliwa Februari 1957. Niliandika, kwa sababu bendi ya shule ilipiga na mvua ikanyesha.

Tena kuna ukurasa wa pili. Mara ya kwanza sikuusoma kwa sababu nilikuwa natafuta tarehe tisa tu. Jumapili, 10 Machi 1957: "L. amekauka sauti kabisa, hawezi kuomba chumvi mezani. Mama amempa matone ya mafuta ya taa kwenye kijiko cha sukari. H. ameongoza wimbo kanisani, sauti safi."

Mtu aliyeimba rokenroli mchana kutwa hawezi kuongoza wimbo kesho yake kwa sauti safi. Aliyekauka sauti ni Lendon.

Nimeirudia kaseti mara nyingi kiasi kwamba utepe umeanza kulia. Dakika moja nasema huyu ni Hoyt, hakuna mwingine. Dakika inayofuata anavuta neno kwa namna fulani nami naacha kuosha vyombo. Ninyi wawili mlifanana sauti hata Mama alikuwa akiita jina la mmoja na kuitikiwa na mwingine. Na Cullum ameijaza mwangwi mwingi, kama mtu anaimba ndani ya tangi la maji.

Ni karibu miaka ishirini na sita tangu tumzike mdogo wetu. Ninayo picha yake moja, akiwa na mbwa, na mbwa ndiye aliyetazama kamera. Sauti yake sina mahali popote. Sasa najiuliza kama imekuwa ikikaa gerejini Memphis yenye jina lako juu ya boksi. Ni yeye? Nijibu hilo moja tu.

Delphia


Bay Ditch
Jumapili, 15 Mei 1983

Kaka Hoyt,

Hatujambo. Pamba imeota vizuri. Mama anakushukuru kwa kumpigia simu Siku ya Mama. Mliongea dakika kumi na moja juu ya hali ya hewa, na nilipochukua simu mimi, ukasema Nadine anakuita. Nilimsikia Nadine akikuuliza, "Nani anakuita?"

Mholanzi amenitumia nakala ya karatasi aliyokuletea. Inasema kwamba wewe ndiwe uliyeimba nyimbo zote kumi, na anataka sahihi yako kabla ya mwisho wa Juni, kwa sababu majalada yanakwenda kuchapwa. Ukisaini, basi. Lendon atakuwa hajawahi kuimba duniani, na hata mimi nitalazimika kusema hivyo, maana karatasi itasema hivyo.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelinyamazia tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Siku sherifu alipotuletea vitu vya Lendon kutoka kule Missouri alikopata ajali, Oktoba ile ya 1957, kulikuwa na koti lako la rangi ya pinki na nyeusi, lile la kuimbia. Niliandika: "Koti la Hoyt. Kwa nini?" Wewe ulituambia alikwenda kuomba kazi kiwanda cha viatu. Ajali ilikuwa Jumamosi jioni, Hoyt. Nani anaomba kazi ya viatu Jumamosi jioni akiwa na koti la pinki?

Sikuandikii kukushtaki. Nimechanganyikiwa tu, na mtu pekee wa kunieleza ni wewe.

Delphia


Flint
11 Juni 1983

Delphia,

Leo sina salamu ndefu. Wazima wote.

Nilitaka kusaini. Nakwambia ujue una kaka wa namna gani. Karatasi ilikaa juu ya friji wiki nne. Kila siku nilishuka chini na gita langu nijifunze nyimbo hizo nne, nizijue kabla ya Septemba. Kuna mahali mwimbaji anapanda juu ghafla na kushuka akicheka. Mimi nikipanda nabaki huko huko nimekwama. Nadine alisikiliza kutoka kwenye ngazi akasema, "Baba, wimbo wenyewe mzuri, ila yule wa kwenye kaseti ni mtu mwingine." Hakujua alichokisema. Alikuwa ananitania.

Ndiyo, ni Lendon.

Ilikuwa hivi. Mkataba wa Cullum ulikuwa kwa jina langu, na nilikuwa namdai—hapana, yeye ndiye alikuwa ananidai nyimbo nne zaidi. Nikampigia simu nikamwambia nimeokoka. Akasema, "Hongera, mdogo wangu, na mimi nimebatizwa mara mbili. Jumamosi saa saba." Sikulala siku tatu. Halafu nikapata njia, na usicheke. Niliapa kutoimba. Sikuapa kutopiga gita. Nikaona Mungu ananidai mdomo, vidole hakuvitaja. Kwa hiyo Lendon aimbe, mimi nipige. Nilipomwambia, aliruka juu ya kitanda na viatu vyake. Alikuwa akizijua nyimbo zangu zote, akiziimba akiwa juu ya trekta.

Cullum hakujali. Alisema, "Wote Stanfill, wote wanaimba puani." Akaandika jina langu kwenye boksi kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye karatasi yake. Yule jamaa wa besi, Orbie, alikuwa anazipiga makofi nyuzi za lile besi kubwa la kusimama mpaka kidole kikatoka damu, na Lendon akamwambia afute ala asije akaonekana amechinja kuku. Alikuwa na miaka kumi na saba. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama ile, hata kanisani.

Baada ya hapo watu wakaanza kuniita niende kuimba majukwaani. Nami sikuweza kwenda. Yeye akaweza. Akachukua koti, akachukua jina, akawa anakwenda Jumamosi, na nyumbani nikawa natunga mimi: tairi, viatu, rafiki mgonjwa. Jumamosi ile bango la Missouri lilisema Hoyt Stanfill. Mimi nilikuwa kanisani napanga viti. Gari lilipopinduka lilikuwa limembeba mtu mwenye jina langu, koti langu, na mwaliko wangu.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini nilihamia Flint, na kwa nini sifiki kanisani. Usimwambie Mama. Karatasi bado iko juu ya friji. Sijui nifanye nini. Nikisema kweli, Mama atajua kwamba nilimtuma. Nikinyamaza, nakwenda Uholanzi kupigiwa makofi yake.

Hoyt


Bay Ditch
Jumapili, 19 Juni 1983

Kaka Hoyt,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimeanza kuijibu mara tatu. Moja ilikuwa na maneno makali, nimeichoma. Nyingine ilikuwa ya kukusamehe, nayo nimeichoma kwa sababu haikuwa ya kweli. Nashindwa kujua nimekasirika au nimefurahi. Nikisikiliza kaseti nafurahi. Nikiizima nakasirika.

Umesema nisimwambie Mama. Sikumwambia. Ijumaa nilikuwa nasikiliza jikoni, nimegeukia dirisha, nikidhani amelala. Nikageuka, yuko mlangoni na fimbo yake.

Akasema, "Huyo Lendon."

Nikasema, "Mama, hii ni kaseti ya Hoyt."

"Nimemzaa mimi au umemzaa wewe?"

Akavuta kiti. Akasikiliza nyimbo tatu nzima bila kutikisika, mama yetu huyu ambaye alikutupia santuri zako kwenye jiko la kuni. Kisha akasema, "Kwani mlidhani nilikuwa nampa mafuta ya taa kwa ajili ya nini? Mtoto hakauki sauti kwa kununua tairi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema lolote. Akasema, "Aliyeapa alikuwa Hoyt. Lendon hakuwa ameapa. Nilikuwa nangoja aokoke kwa zamu yake."

Kuhusu Missouri sikumgusia, na yeye hakuuliza. Labda anajua hilo pia. Labda hajui. Kwa Mama siwezi tena kusema ninajua anachojua. Hilo ni lako, nawe utamwambia uso kwa uso, si kwa simu na si kupitia mimi.

Kuhusu karatasi, siku zimebaki kumi na moja.

Delphia


Flint
24 Julai 1983

Delphia mdogo wangu,

Salamu kwa Garvin na kwa kuku waliosalia. Nadine anasema nimepungua, nami namwambia ni harufu ya rangi.

Nimeandika kwa Mholanzi tarehe 27 Juni, kurasa sita. Karatasi yake nimeirudisha bila sahihi. Nimemwambia yote, pamoja na koti. Jibu limefika. Kwanza analia, halafu anasema ni habari kubwa kuliko alivyotazamia, halafu anasema wenye tamasha wamepata mwimbaji mwingine kutoka Texas. Nimesoma hapo nikacheka peke yangu. Texas. Sawa. Ningekwenda kufanya nini? Kukwama juu?

Jalada litachelewa kidogo ili jina la Lendon liandikwe. Mholanzi anataka picha yake. Mpelekee ile ya mbwa.

Sasa limebaki jambo moja na linanitesa. Anataka nimwandikie kila wimbo umeimbwa na nani. Sita mimi. Tatu za tarehe tisa ni Lendon, hizo naapa. Ila huo wa mwisho, wa daraja, sijui. Lendon alikuwa ameanza kukauka. Cullum alitaka kuzima mashine. Nakumbuka niliweka gita chini nikasogea kwenye maikrofoni. Mara nakumbuka nilifungua mdomo nikaimba, nikavunja kiapo. Mara nakumbuka nilifungua mdomo tu na yeye ndiye aliyeimba, ananitazama anacheka. Tuliurudia mara nne. Kisha Cullum akaukata utepe kwa wembe, akaunga kipande hapa na kipande pale, nasi hatukuuliza.

Miaka yote hii nimeamini kwamba nilivunja kiapo siku ile, na Oktoba nikaletewa bili yake. Nimeusikiliza wimbo huo mara thelathini nijue. Yule wa kwenye ubeti wa kwanza simjui. Wa ubeti wa pili ni mimi, halafu nikisikiliza tena si mimi. Nimeipiga hata besi ya Orbie akilini mwangu ili niione ile siku vizuri, wapi.

Mpe Mama ausikilize. Yeye anatujua kwa sikio. Atakachosema ndicho nitakachomwandikia Mholanzi. Nitafika kwa basi Jumamosi, 3 Septemba, na neno la Missouri nitamwambia mwenyewe.

Hoyt


Bay Ditch
Jumapili, 14 Agosti 1983

Kaka Hoyt,

Huku ni joto la kutisha, hata mbwa wamelala chini ya nyumba. Garvin ameshika kambare wa ratili kumi na nne na anamfuga kwenye pipa akikungoja, ingawa nimemwambia kambare hatasubiri wiki tatu. Mama ameuliza mara mbili basi linaingia saa ngapi. Sijamwambia unakuja na neno gani.

Nimefanya kama ulivyoomba. Jana asubuhi tulikuwa barazani tukimenya kunde, kila mtu na bakuli lake, vidole vyekundu kwa rangi ya maganda. Nilileta redio ya kaseti. Nilimweleza kwamba Hoyt anataka kujua huu wimbo mmoja ni wa nani, yeye au Lendon, na kwamba hata yeye mwenyewe hajui.

Mara ya kwanza alisikiliza hadi mwisho akasema, "Lendon." Nikashika kalamu.

Akasema, "Ngoja. Rudisha."

Mara ya pili akasema, "Hapo pa daraja ni Hoyt. Hoyt anavuta pumzi kabla ya neno kama anayeingia maji ya baridi." Nikaandika. Akasema, "Futa. Lendon naye alimwiga hivyo hivyo, ili anichokoze."

Mara ya tatu hakumenya tena. Mikono ilikaa juu ya kunde. Wimbo ulipokwisha, akanigeukia.

"Nani anataka kujua?" akaniuliza.

Nikasema, "Mholanzi, anataka kuandika kwenye jalada. Na Hoyt. Hoyt anataka kujua kama alivunja kiapo chake."

Akasema, "Hoyt ana miaka mingapi?"

"Arobaini na saba, Mama."

"Na bado anataka niingie chumbani niwaulize nani kavunja kikombe." Akachukua ganda moja la kunde, akalipasua. "Mwambie Mholanzi aandike watoto wa Ovella Stanfill. Basi. Hoyt akija atasema na Mungu mwenyewe, sikio langu halina kazi hiyo."

Nimemwandikia Mholanzi hivyo jana hiyo hiyo, neno kwa neno, na nimetia stempu. Kama hupendi, niambie, ila barua imeshaondoka.

Baadaye Mama aliniambia nizime redio, maana ni wimbo wa dunia na mchungaji angeweza kupita. Nikazima. Akaninyooshea mkono, nikampa kaseti nikidhani anataka kuitazama. Akaitia kwenye mfuko wa aproni yake, akaendelea na kunde, na mpaka sasa hajaitoa.

Dada yako,
Delphia